Madamu wa Ndani ya Simu

Madamu Émérance alifundisha asidi na besi karibu saa nzima kabla hajagundua kwamba alikuwa anaongea na ukuta. Alikuwa ameketi katika chumba cha walimu cha shule yake pale Kasongo, simu ameiegemeza kwenye chupa ya maji, koo limemkauka. Mwishoni akauliza kama alivyozoea: "Sawa, watoto wangu? Mumeelewa?" Kimya. Akauliza tena. Alipoichukua simu na kuitazama, akaona rezo, yaani mtandao, ilikuwa imekatika zamani, wala hakujua ilikatika akiwa anasema neno gani.

Akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyechoka.

Darasa hilo hakuwa ameliomba. Mwalimu wa kemia wa shule moja ya Wamaza, upande wa Kabambare, alikuwa amehamishiwa Kindu katikati ya mwaka, na mvua ilikuwa imeiharibu barabara vibaya hata hakupatikana mwalimu mwingine wa kwenda. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakabaki bila somo la shimi, kama wanavyoliita wenyewe, na mtihani wa Taifa, ule Exetat, haumngojei mtu. Prefe Gérard, mkuu wa shule ile, akapata namba ya Émérance kwa mwalimu mmoja aliyesoma naye. Akampigia akiwa amesimama kwenye kilima nyuma ya shule, mahali pekee karibu na shule ambapo rezo ilishika.

"Madamu, mwalimu sina," alisema. "Lakini niko na simu nzuri, niko na paneli ya jua, na kanisa wametuazima bafle. Unaweza kutusaidia?"

Émérance alijibu ndiyo kabla hajafikiri. Ndivyo alivyo, dada yake Apolline humwambia kila mara kwamba mdomo wake unatembea mbele ya kichwa. Basi pale kilimani wakasimamisha miti, wakaezeka majani, wakaweka mabenchi na ile bafle, kipaza sauti cha kanisa, katikati, na kila alasiri sauti ya Émérance ikawa inatoka Kasongo na kuangukia Wamaza. Wale waliokaa ng'ambo ya mto, maji yakijaa, walikusanyika nyumbani kwa mzazi mwenye simu na kusikiliza kutoka huko.

Shida ni kwamba sauti ilikuwa inakwenda tu, hairudi. Alituma maelezo marefu, alituma mazoezi, alituma picha za ubao. Aliyejibu ni Prefe peke yake: "Tumepokea, Madamu. Aksanti sana." Wanafunzi hawakuuliza swali hata moja. Kwa mwalimu, darasa lisilouliza ni kama sufuria iliyo motoni na haitoi mvuke. Unajua kuna kitu hakiko sawa huko chini.

Kesho yake, baada ya kuongea na ukuta, alimpigia Gérard.

"Prefe, nataka watoto waniambie ukweli. Lakini wewe utoke hapo. Uwaachie simu."

Gérard alicheka, akawakabidhi simu, akashuka kilima. Kule juu kukawa na minong'ono na mabenchi kukwaruza. Hatimaye sauti ya msichana ikasema:

"Madamu, ni Sarah-Grâce. Tukisema kweli, hautakasirika?"

"Sitakasirika."

"Sauti yako inatuletea usingizi."

Kicheko kikalipuka huko nyuma. Halafu sauti nyingine, nzito, ya mvulana anayejiamini: "Madamu, ni Ruphin. Jana ulipokuwa unasema mambo ya pH, sisi tulikuwa tunakula karanga. Hata rezo ilipokatika, hatukujua."

"Hata mimi sikujua!" alisema Émérance, na sasa wakacheka wote pamoja, yeye Kasongo, wao Wamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wakicheka.

Lakini Sarah-Grâce hakuwa amemaliza. Akasema taratibu: "Madamu, ndani ya kelasi mwalimu anakuangalia. Ukisinzia, anakuita. Huku hakuna mutu anatuangalia. Unaongea na wote, na ni kama hauongei na mutu."

Neno hilo Émérance aliondoka nalo. Alipita nalo sokoni akienda nyumbani, katikati ya baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi, vijana wa pikipiki wakimwita "Mama, tuende?" asiwasikie. Alikuwa anajiuliza: mimi ningewezaje kukaa kwenye benchi nikasikiliza bafle kila siku? Ningekula karanga vilevile.

Akasimama mbele ya mama mmoja aliyekuwa amepanga mafungu ya ngai-ngai, ile mboga chachu. Kando ya majani mabichi palikuwa na maua yake yaliyokauka, mekundu kama damu iliyoganda. Émérance aliyatazama. Kisha akapiga kofi hewani, pa! Mama wa watu akashtuka.

"Nipe hili fungu la maua," alisema Émérance. "Hapana, nipe yote mawili!"

Siku iliyofuata hakuanza na pH. Alianza na majina. Gérard alikuwa amempa majina yao wote, naye akaita mmoja mmoja, na kila aliyeitwa ilibidi ajibu kwa sauti yake na kusema jambo moja alilofanya asubuhi ile. Mmoja aliteka maji. Mwingine alifukuza ndege kwenye mpunga wa baba yake. Ruphin alisema alilala tu, wenzake wakampigia kelele kwamba anadanganya. Msichana mmoja, Régina, alijibu kwa sauti ndogo kama ya kifaranga: "Niko, Madamu," akaishia hapo. Émérance hakumlazimisha. Alisema tu, "Vizuri, Régina, nimekusikia," na akasikia, kweli, yule mtoto akivuta pumzi.

Kisha akawapa kazi. Kesho kila mmoja aje na maua makavu ya ngai-ngai kutoka jikoni kwa mama yake, na chochote anachodhani ni kichachu au kinateleza mkononi. Walio ng'ambo ya mto wafanye vilevile huko kwao.

"Madamu, tunapika?" aliuliza Ruphin.

"Tunapika shimi," alisema Émérance.

Kesho yake rezo ilikuwa nzuri kama iliyoombewa. Kilimani waliwasha moto, wakachemsha maua, maji yakawa mekundu. Émérance, jikoni kwake Kasongo, alikuwa amechemsha ya kwake, glasi amezipanga mezani, Apolline amesimama mlangoni akishangaa dada yake anapiga kelele kwenye simu kama muuza samaki.

"Sarah-Grâce! Weka ndimu. Unaona nini?"

"Yee! Imekuwa nyekundu zaidi, Madamu! Inang'aa!"

"Ng'ambo ya mto, munaona hivyo pia?"

"Sisi pia! Sisi pia!"

"Sasa wekeni maji ya majivu. Polepole, tone kwa tone. Ruphin, angalia vizuri."

Émérance aliweka yake pia, akainama juu ya glasi. Ghafla simu ikapasuka kwa mayowe.

"Majani kibichi! Madamu, imekuwa majani kibichi!"

"Ni uchawi!" alipaza mmoja.

"Si uchawi!" alipaza Émérance, hata jirani akachungulia dirishani. "Ni nini? Niambieni ni nini!"

Na katikati ya fujo ile ikaja sauti ndogo ya kifaranga, sasa imepanda kidogo: "Ni besi, Madamu. Majivu ni besi. Asidi inaifanya nyekundu, besi inaigeuza rangi ya majani."

"Nani amesema?"

"Ni Régina!" walijibu wote kwa pamoja, kama waliokuwa hawaamini na wao.

Siku ile somo halikwisha. Lilishuka kilima likaingia nyumbani. Hadi jioni simu ya Émérance ilikuwa inalia: picha ya sabuni, picha ya malofu ya mjomba, pombe ile ya mchikichi, picha ya mate ya mtoto mdogo. Mtu mmoja aliuliza kama dawa ya tumbo ya bibi yake ni besi, na bibi mwenyewe akasikika nyuma akisema waiache dawa yake. Prefe Gérard aliandika: "Madamu, umetufanyia nini? Nimewatoa kilimani kwa nguvu." Émérance alisoma ujumbe ule mbele ya Apolline, akacheza kidogo pale jikoni, kijiko mkononi.

Kuanzia hapo hakuongea tena peke yake kwa muda mrefu. Alisema kidogo, akauliza, akangoja. Aliyekosea aliombwa aeleze alivyofikiri, na mara nyingi katikati ya maelezo alijirekebisha mwenyewe. Na wakati wa kuita majina ulikuwa wakati ambao hakuna aliyetaka kuukosa, kwa maana hapo ndipo kila mmoja alikuwa mtu.

Kwa hiyo Ruphin alipokosa kujibu, Émérance alijua papo hapo. Kesho yake hakujibu tena, wala keshokutwa.

"Yuko wapi?"

Sarah-Grâce akasema: "Madamu, Papa yake alianguka na pikipiki, mugongo ukaumia. Sasa ni Ruphin anabeba watu, Wamaza mpaka Kabambare. Anasema shule itamungojea."

Émérance alimtafuta kwenye simu mpaka akampata. Huko alikokuwa, pikipiki ilikuwa inanguruma, mtu anamwita aharakishe.

"Madamu, samahani," alisema Ruphin, na ile sauti ya kujiamini ilikuwa imepungua. "Nyumbani hakuna mwingine. Nitarudia mwaka kesho."

Émérance alikuwa na maneno mengi mdomoni. Mara hii kichwa chake kilitangulia. Akauliza tu: "Ukiwa njiani, unapata rezo wapi?"

Ruphin alishangaa. "Hapa sokoni. Na kwa mupando, kile kilima cha mbele ya kuingia Kabambare. Huko tunapumzisha mashine."

"Basi hapo ndipo kelasi yako. Nitakutumia sauti fupi, hazizidi muda wa kunywa chai. Ukisikiliza, unijibu. Hata kwa neno moja."

Alipowaeleza wanafunzi wengine, alitafuta mtu wa kumsimulia Ruphin somo zima kila anapolala Wamaza. Alitegemea Sarah-Grâce ajitolee. Aliyesema ni Régina.

"Mimi, Madamu. Nyumba yetu iko karibu na yao."

"Utaweza?"

"Nitajaribu. Nikishindwa, nitakuuliza."

Akauliza, tena sana. Yule msichana ambaye hakuwa na swali hata moja sasa alikuwa na maswali kumi, kwa kuwa Ruphin hakuwa mtu wa kukubali maelezo ya nusu. "Madamu, Ruphin anasema haiwezekani, sasa nimuambie nini?" Ndivyo Régina alivyoanza kila mara. Na kila alipompelekea jibu, sauti yake ilirudi kesho yake imekomaa zaidi.

Majibu ya Ruphin yalikuja kwa vumbi na upepo. Siku moja sauti yake ilifika katikati ya darasa, na Émérance akaipitisha kwenye bafle ili wote wasikie: "Madamu, niko kwa mupando. Mashine inatoa moshi mweusi kama sufuria. Essence ni nzuri, nimeangalia. Shimi inasema nini juu ya hiyo?"

Émérance alirusha mikono juu. Somo la siku ile lilikuwa lingine kabisa, akaliweka kando.

"Mumesikia? Mwenzetu yuko barabarani na anatuuliza. Essence, yaani petroli, inaungua. Inahitaji nini ili iungue yote?"

"Hewa!" "Oksijeni!"

"Na moshi mweusi ni nini?"

Wakabishana. Wa ng'ambo ya mto wakasema ni maji, wa kilimani wakawacheka, mmoja akasema ni uchafu, Sarah-Grâce akasema ni kaboni ambayo haikupata oksijeni ya kutosha. Wakaandika mlinganyo, wakausawazisha, wakaufuta, wakaandika tena. Mwishowe Régina akachukua simu na kumtumia Ruphin jibu la darasa zima: mashine yako imekosa pumzi, angalia filta ya hewa.

Hawakutaka kurudi nyumbani kabla hajajibu. Walikaa kilimani, simu katikati kama mtoto mchanga. Ilipolia, wakaangukiana.

"Filta ilijaa vumbi, ilikuwa kama matope!" alipiga kelele Ruphin. "Nimeikung'uta, moshi umekwisha! Mashine inapanda kama mbuzi! Wateja wananiuliza nani fundi, nawaambia ni kelasi yangu!"

Émérance aliiweka simu juu ya meza, akatoka nje uani, akatembea huku na huku kwa furaha asijue aipeleke wapi.

Mvua ikapungua, barabara ikakauka. Mgongo wa babake Ruphin ulipata nafuu, na wiki ya mtihani ilipokaribia mzee aliichukua pikipiki mwenyewe, akamwambia mwanawe asiiguse mpaka amalize. Kituo chao cha mtihani kilikuwa Kabambare. Wanafunzi wa Wamaza walikwenda mapema, wakapewa mahali pa kulala katika majengo ya parokia. Émérance hakuwaambia kitu. Alimwambia Gérard tu, akamwapisha asiseme, akapanda pikipiki Kasongo alfajiri.

Ilikuwa safari ya kutikiswa mpaka meno. Alivuka madaraja ya magogo akitembea kwa miguu nyuma ya pikipiki, akala vumbi, akanywa maji, akala vumbi tena. Alipofika Kabambare jua lilikuwa limeanza kulainika, na yeye alikuwa mwekundu kutoka kitambaa cha kichwa hadi viatu. Lakini moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kama wa mtoto anayeenda kuona jambo kubwa.

Alisimama nyuma ya ukuta wa parokia. Upande wa pili wanafunzi walikuwa wanaulizana maswali. Alizijua sauti. Ile ni ya nani, hii ni ya nani, alijua bila kuona.

"Asidi na besi vikikutana, tunapata nini?" aliuliza mmoja.

"Chumvi," alisema Ruphin.

"Chumvi na nini?" alisema Émérance kwa sauti kubwa, kutoka nyuma ya ukuta.

Akamsikia Ruphin akikurupuka: "Ni Madamu! Simu iko wapi? Prefe, simu! Madamu, allo? Tunakusikia vizuri, rezo iko safi kabisa!"

"Chumvi na maji!" alijibu Régina, naye akiamini anajibu simu. "Allo, Madamu?"

Émérance alishindwa kujizuia. Alizunguka kona akicheka hata machozi yanachora mistari kwenye vumbi la uso. Wanafunzi walimtazama mwanamke huyu mfupi, mwekundu wa vumbi, mkoba begani, na hakuna aliyemjua. Ruphin alikuwa bado ameshika simu sikioni.

"Na wewe, Ruphin, weka simu chini," alisema Émérance. "Niko hapa."

Waliruka kama waliounguzwa. Mabenchi yakaanguka. Walimjia wote mara moja, wakasita hatua moja mbele yake, kwa kuwa hawakujua kama mtu humkumbatia Madamu wa ndani ya simu; Sarah-Grâce akajitupa wa kwanza, ikawa basi. Waliishika mikono yake, wakamgusa bega. Mmoja alisema, "Madamu, tulifikiri wewe ni murefu!"

Aliwaomba wasimame, akafumba macho, akasema kila mmoja aseme jambo lolote na yeye amtaje. Hakukosea hata mmoja, isipokuwa wavulana wawili mapacha wa ng'ambo ya mto ambao hata mama yao huwachanganya. Régina alipofika zamu yake hakusema "Niko." Alisema, kwa sauti iliyojaza ua wote, "Madamu, kesho usiogope." Wakamshangilia.

Matokeo yalitoka kiangazi kikiwa kimekolea. Émérance alikuwa sokoni na Apolline wakati simu ilipoanza kulia, ikawa haikomi. Sarah-Grâce amepita! Mapacha wote wawili! Mmoja baada ya mwingine, sauti zimekauka kwa kupiga kelele. Apolline alinunua kopo la poda kwenye duka la jirani na kummwagia dada yake kichwani, kama wanavyomwagiwa waliofaulu, hapohapo kati ya wauza mchele, kana kwamba yeye ndiye aliyepata diploma. Watu wakapiga makofi bila kujua ni kwa nini.

Lakini Ruphin hakuwa amepiga. Émérance akafuta poda machoni, akampigia mwenyewe.

Alisikia honi ya pikipiki ikilia mfululizo, na nyimbo, na mbwa wakibweka.

"Madamu!" Ruphin alikuwa anapaza kushinda honi. "Mimi nimeanguka mtihani! Shimi nilifanya vizuri, najua, lakini hesabu na Kifaransa nilikosa kelasi nyingi. Nimelia asubuhi, nimemaliza. Lakini mwalimu wangu amepita! Niko naye hapa nyuma, tunazunguka Wamaza yote, ni mweupe kwa poda kama muhogo!"

Simu ikabadilisha mikono. Régina alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja.

"Madamu, nimepita! Na huyu, usimuache. Mimi nimeshamwambia, kesho jioni tunaanza hesabu. Kifaransa, Prefe amekubali kumsaidia. Na wewe, Madamu, shimi bado utafundisha?"

Émérance alimtazama Apolline, na Apolline akainua mikono kama mtu asemaye hata usiniulize.

"Mwambie Ruphin apige honi anavyotaka," alisema Émérance, "lakini kwanza azime mashine dakika moja. Nataka kuita jina lake."

Honi ikanyamaza. Nyimbo zikaendelea mbali kidogo.

"Niko, Madamu," alisema Ruphin.